Uhuru wa kusema vyuoni Marekani: yaliyowapata wanafunzi waliopinga vita vya Gaza

Kijana wa Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nyuzi za Gaza humu jukwaani zinafunguliwa kila wiki, na karibu zote zinaishia pale pale: ukurasa wa pili ni Wakristo kwa Waislamu, ukurasa wa tatu umefungwa. Naomba huu usiende huko. Nani mwenye ile ardhi sitaki kukujadili leo. Ninachotaka tujadili ni hiki: mwanafunzi akisimama kwenye uwanja wa chuo akasema jambo ambalo wakubwa hawalipendi, wana haki ya kumfanya nini? Naiweka Marekani mezani kwa sababu wao walijiandikia kwenye Katiba, tangu 1791, kwamba Bunge lisitunge sheria ya kupunguza uhuru wa kusema. Tena ndiko vijana wetu wengi wanakoomba nafasi za kusoma.

Msimamo wangu nautoa mapema asiwepo wa kuutafuta. Kanuni ya uhuru wa kusema ni ile inayowekwa kabla hujajua nani atasimama kusema. Ukiibadilisha baada ya kumwona, umeshaanza kumwadhibu. Kwa kipimo hicho karibu kila aliyegusa sakata hili ameanguka, ila hawakuanguka kutoka urefu mmoja. Aliyetuma maofisa kumkamata mtu kwa makala ya gazeti hawezi kuwekwa kapu moja na aliyejibu vibaya mbele ya kamati.

Oktoba 7, 2023 Hamas walivamia Israel na kuua watu wapatao 1,200, wakiwemo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokuwa kule kwa mafunzo ya kilimo. Israel ikaanza kuipiga Gaza, na waliouawa huko wakafika makumi ya maelfu. Vyuo vya Marekani vikachemka. Columbia, New York, ilikuwa ya mapema kuchukua hatua: Novemba hiyo hiyo ilisimamisha vikundi viwili vya wanafunzi vilivyokuwa vikiandamana kuitetea Palestina, kimoja kikiwa cha Wayahudi. Hili la pili watu wengi hawalijui. Wayahudi wamekuwa pande zote za mzozo huu, na anayesema "Wayahudi wanataka hivi" hajawasikiliza.

Desemba 5, 2023 wakuu wa vyuo vitatu, Claudine Gay wa Harvard, Liz Magill wa Pennsylvania na Sally Kornbluth wa MIT, waliitwa mbele ya kamati ya elimu ya Baraza la Wawakilishi. Mbunge Elise Stefanik akawauliza kama kuitisha mauaji ya kimbari ya Wayahudi ni kuvunja kanuni za vyuo vyao. Wakajibu kuwa inategemea mazingira. Nchi ikawaka. Magill alijiuzulu siku nne baadaye. Gay aliondoka Januari 2, 2024, akiwa ameongezewa na tuhuma za kunakili maandishi ya wengine.

Kisheria jibu lile lilikuwa na msingi. Mwaka 1969, katika kesi ya Brandenburg, kiongozi wa Ku Klux Klan (kundi la Wazungu wabaguzi) kule Ohio aliyehutubia kwa chuki tupu, Mahakama ya Juu ilisema maneno hayaadhibiwi mpaka yawe yanachochea uhalifu wa papo hapo na uhalifu huo uwe unaelekea kutokea kweli. Kumtishia mtu maisha kuko nje ya kinga hiyo. Kumwandama mwanafunzi hadi ashindwe kusoma, nje pia. Kwa hiyo kauli iliyo kwenye bango uwanjani na kauli hiyo hiyo inayopigiwa kelele mlangoni kwa mwanafunzi wa Kiyahudi saa nane usiku ni mambo mawili.

Kilichowaponza wale wakuu ni rekodi zao. Septemba 2023, FIRE, taasisi inayotetea uhuru wa kusema vyuoni, ilikuwa imetoa orodha ya vyuo 248 na Harvard ikashika mkia. Vyuo vilivyozoea kuwabana wahadhiri na wanafunzi kwa maneno mepesi kuliko hayo vikaikumbuka Katiba ilipofika zamu ya Wayahudi kuumizwa. Mwanafunzi wa Kiyahudi aliyehoji mbona kwake tu ndiko yanakoangaliwa mazingira alikuwa na swali halali, na hakuna aliyemjibu.

Tuje kwenye mahema. Alfajiri ya Aprili 17, 2024 wanafunzi wa Columbia walisimika kambi uwanjani wakitaka chuo kiondoe fedha zake kwenye kampuni zinazonufaika na vita. Siku hiyo hiyo mkuu wao wa chuo, Minouche Shafik, alikuwa Washington akihojiwa na ile ile kamati iliyowaangusha wenzake. Kesho yake akaita polisi. Zaidi ya watu 100 walikamatwa, na badala ya kuzima, kambi zikaota nchi nzima. Muhula unaisha waliokamatwa vyuoni walikuwa wamepita 3,000. Usiku wa kuamkia Aprili 30 kundi moja la Columbia lilivunja vioo na kuliteka jengo la Hamilton Hall, polisi wakaingia usiku uliofuata. Jengo hilo lilitekwa pia 1968, enzi za Vietnam, na polisi waliwatoa wanafunzi tarehe hiyo hiyo, Aprili 30. Mwaka 1985 wanafunzi walizingira milango yake wakidai chuo kitoe fedha zake Afrika Kusini ya makaburu, wakalipa jina la Mandela Hall, na mwaka huo huo chuo kikakubali.

Mimi siweki kuteka jengo kwenye fungu la kusema. Aliyevunja kioo ajibu kesi ya kioo, iwe anatetea Palestina, Israel au wanyamapori. Hata muda wa kukaa uwanjani chuo kina haki ya kuuwekea mipaka, mradi mipaka hiyo iwe ya wote na iwe ilikuwepo.

Hapo kwenye "iwe ilikuwepo" ndipo Indiana na Texas zinaponiuma. Chuo cha Indiana kilikuwa na uwanja unaoitwa Dunn Meadow, uliotengwa kwa mikusanyiko ya kusema tangu 1969. Mkesha wa wanafunzi kusimika mahema, Aprili 24, 2024, kamati ikakaa na kubadilisha kanuni iliyodumu kwa miongo mitano. Kesho yake wanafunzi wakakamatwa kwa kuvunja kanuni ya jana.

Na Texas? Mwaka 2019 Gavana Greg Abbott alitia saini sheria inayofanya maeneo ya wazi ya vyuo vya umma kuwa viwanja huru vya kusema kwa yeyote. Wakati ule kilio kilikuwa kwamba wahafidhina wanazomewa na kufungiwa milango. Aprili 2024 gavana huyo huyo akatuma askari wa jimbo, wengine juu ya farasi, kuwavamia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Watu 57 waliokamatwa siku ya kwanza walifutiwa mashtaka yote na mwendesha mashtaka wa eneo hilo. Mwaka 2025 bunge la jimbo likarudi kuibana sheria yake lenyewe, hadi ikawa marufuku kufanya shughuli za kujieleza chuoni usiku, na jaji wa shirikisho akaingilia kuvizuia vipengele hivyo. Sheria ya 2019 ilikuwa nzuri. Ilibidi iishi hadi siku ilipohitajika na watu ambao gavana hawapendi, na siku hiyo ikaachwa.

Yote hayo bado ni mambo ya polisi na vyuo. Mwaka 2025 yakahamia kwenye uhamiaji, na hapa nawaomba msome taratibu.

Machi 8, 2025 Mahmoud Khalil, Mpalestina aliyezaliwa Syria, aliyekuwa msemaji wa wanafunzi katika mazungumzo na uongozi wa Columbia, alikamatwa usiku kwenye nyumba ya chuo alimokuwa akiishi na mkewe mjamzito. Mke ni raia wa Marekani. Yeye alikuwa na ukaazi wa kudumu, ile grini kadi inayosakwa na nusu ya watu humu. Wakampeleka hadi Louisiana. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Aprili baba akiwa kizuizini, na baba alitoka Juni 20 kwa amri ya jaji.

Kosa? Hakushtakiwa kwa uhalifu wowote. Walitumia kifungu cha sheria ya uhamiaji kinachompa Waziri wa Mambo ya Nje mamlaka ya kusema kuwepo kwa mtu fulani nchini kunaweza kuharibu sera ya nje. Waraka wa Waziri Marco Rubio ulieleza kuwa kifungu hicho kinaweza kutumika kwa imani, kauli na mahusiano ya mtu hata kama ni halali kisheria. Baadaye serikali iliongeza dai kwamba alificha taarifa kwenye maombi ya ukaazi, lakini aliyemtia ndani kwanza ni waraka ule. Kifungu hicho hicho kilishatangazwa kuwa kinavunja Katiba mwaka 1996, kwenye kesi ya aliyekuwa ofisa wa serikali ya Mexico. Hukumu ile ilitenguliwa baadaye kwa sababu za utaratibu. Jaji aliyeiandika alikuwa Maryanne Trump Barry, dada yake Donald Trump.

Machi 25, 2025 ikawa zamu ya Rümeysa Öztürk, Mturuki aliyekuwa akisoma shahada ya uzamivu chuo cha Tufts, karibu na Boston. Alizingirwa barabarani na watu waliovaa kiraia, wengine wameficha nyuso, video ikazunguka dunia nzima. Mwaka mmoja kabla, yeye na wenzake watatu waliandika makala kwenye gazeti la wanafunzi wakitaka chuo kiyazingatie maazimio ya baraza la wanafunzi kuhusu Gaza. Hakuteka jengo wala hakumtishia mtu. Alikaa kizuizini Louisiana wiki zaidi ya sita mpaka jaji wa Vermont alipoamuru aachiwe Mei 9. Wiki hiyo aliyokamatwa, Rubio alisema visa zilizofutwa huenda zimepita 300.

Mwanafunzi wa tatu, Mohsen Mahdawi wa Columbia, aliitwa Aprili 14 kwenye usaili wa kuomba uraia, huko Vermont. Alikwenda. Wakamkamata hapo hapo kwenye usaili. Jaji alimwachia Aprili 30.

Vyuo vyenyewe vilibanwa kwa fedha. Columbia ilikatiwa ruzuku za dola milioni 400 mwezi Machi, na Julai ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 220 ili yaishe. Harvard ilikataa masharti, ikazuiwa zaidi ya dola bilioni 2, ikaenda mahakamani, na Septemba 3, 2025 Jaji Allison Burroughs akaipa ushindi. Serikali ilisema inapambana na chuki dhidi ya Wayahudi. Chuki hiyo ipo, nitaizungumzia nikiulizwa. Ila fedha zilizokatwa zilikuwa za tafiti, zikiwemo za kansa na magonjwa mengine, na mtafiti wa maabara hakusimika hema.

Karibuni.

Mtu wa Bariadi

Mkuu, umeandika vizuri ila umezunguka jambo rahisi. Mimi ni mtu wa kanisa na Israel naiombea, sifichi. Lakini weka dini pembeni kama ulivyotaka. Mgeni ni mgeni. Umekaribishwa nyumbani kwa watu, umepewa visa, umekuja kusoma, unaanza kuwapangia sera ya nje? Hata hapa Tanzania mwanafunzi wa nje akitoka barabarani kupinga serikali, kesho yuko uwanja wa ndege. Mbona hilo hatuliiti kufungia watu midomo?

Kijana wa Ujiji

Ndugu yangu, asante kwa kuweka hoja bila matusi. Hoja ya ugeni ndiyo yenye nguvu kuliko zote upande wako, kwa hiyo naijibu kwa kirefu.

Kwanza sheria yao wenyewe. Serikali ya Marekani ilijaribu kumfukuza Harry Bridges, Mwaustralia aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi wa bandarini, kwa madai ya ukomunisti. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ilikataa, na ikasema uhuru wa kusema ni wa wageni wanaoishi nchini humo pia. Septemba 30, 2025 Jaji William Young wa Boston, aliyeteuliwa na Rais Reagan, alitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na chama cha wahadhiri wa vyuo: wasio raia walioko kihalali wana uhuru wa kusema sawa na raia, na serikali iliwalenga wale wachache ili wengine wote waogope. Kwenye kesi hiyo maofisa wa serikali walieleza kiaponi kwamba majina mengi waliyoyachunguza yalitoka Canary Mission, tovuti inayobandika picha na maelezo ya wanafunzi na wahadhiri bila kujitaja wanaoiendesha ni akina nani. Hebu fikiria serikali kubwa vile kuokota majina ya watu wa kuchunguza kutoka kwa wasiojulikana.

Pili, huo ugeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa uzamivu amepewa jembe siku nyingi: anafundisha, anasahihisha mitihani, anafanya utafiti ambao chuo kinauombea fedha. Na shamba la chuo ni mabishano. Huwezi kumlimisha kisha ukamwambia asiongee shambani.

Tatu, umesema hata hapa tungemfukuza. Kweli huenda tungemfukuza. Hilo mimi nalihesabu kama tatizo letu pia.

Mlimani Zamani

Vijana, niruhusuni mtu mzima niingie, maana mmegusa pale pale.

Julai 1971, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, rais wa wanafunzi alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Aliandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, akilalamikia namna chuo kinavyoendeshwa bila kusikiliza wanafunzi. FFU waliingia Mlimani na silaha, wakamchukua, akarudishwa kwao. Wanafunzi waligoma kuingia madarasani. Kabla ya hapo, 1970, kile kikundi cha wanafunzi wanamapinduzi ambacho Museveni alikuwa mwenyekiti wake kilishapigwa marufuku pamoja na gazeti lake, Cheche. Na hawa walikuwa wajamaa kuliko serikali yenyewe! Walifungiwa na serikali ya kijamaa.

Na miaka hiyo Tanzania ilikuwa nyumba ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika karibu wote. Tulikuwa tunapaza sauti kwa Msumbiji na Afrika Kusini, na barua moja ya mwanafunzi mgeni ikatushinda kuistahimili. Kwa hiyo nikimwona yule binti wa Kituruki akizungukwa barabarani kwa sababu ya makala, mimi sishangai. Nasikitika tu kwamba nimeishi kuiona mara ya pili.

Kijana wa Ujiji

Shikamoo mzee. Umenipa kitu kizito kuliko niliyoyaandika. Akivaga barua, Öztürk makala. Wote wageni, wote walikuwa wanazungumza na uongozi wa chuo chao, na wote walijibiwa na dola.

BintiTanga

Kaka, uliahidi kuzungumzia chuki dhidi ya Wayahudi ukiulizwa. Nakuuliza. Naona uzi umewahurumia sana waandamanaji. Msichana wa Kiyahudi wa miaka kumi na tisa ambaye hana hisa kwenye serikali ya Netanyahu, anapita chuoni anazuiwa njia au anaulizwa kwanza anaamini nini, yeye haki yake ya kusoma iko wapi?

Kijana wa Ujiji

Dada, swali la haki kabisa.

Hilo la kuzuiwa njia lilitokea UCLA, Los Angeles, chuo cha umma. Kambi ya pale iliweka vizuizi, na wanafunzi wa Kiyahudi walieleza mahakamani kwamba hawakuweza kupita kwa sababu ya imani yao juu ya Israel. Agosti 2024 Jaji Mark Scarsi aliamuru kuwa chuo hakiwezi kuruhusu huduma na maeneo yake yawe wazi kwa wengine na kufungwa kwa hao. Nakubaliana naye neno kwa neno. Uwanja wa umma ukishawekewa mlinzi wa kuuliza watu imani yao, kilichobaki pale si uhuru wa kusema.

Na chuo hicho hicho, usiku wa kuamkia Mei 1, 2024, kundi la wapinzani wa kambi lilivamia kwa fimbo na fataki, likawapiga wanafunzi kwa saa kadhaa kabla polisi hawajaingilia. Chuo kimoja, majira yale yale, na uongozi ukashindwa kuwalinda wa huku na wa kule.

Kuna na vitisho. Mwanafunzi mmoja wa Cornell aliandika mtandaoni, Oktoba 2023, kwamba atawaua wanafunzi wa Kiyahudi. Alifungwa miezi 21. Hakuna mtetezi wa uhuru wa kusema ninayemjua aliyemlilia, na mimi simlilii. Sheria ya haki za raia ya 1964 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali vimlinde mwanafunzi asibaguliwe kwa asili yake, na Wayahudi wamo. Zana hizo zipo, zinafanya kazi, na hakuna hata moja kati yake inayohitaji kumkamata mtu kwa makala.

Kinachonikera ni hofu ya yule msichana wako kugeuzwa nauli ya safari ambayo hakuiomba, yaani kisingizio cha kuwakamata wengine. Baadhi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiyahudi walisimama kumtetea Khalil kwa sababu hiyo.

Mwana wa Mtoni

Naona mnabembelezana. Mimi nasema hivi: anayeunga mkono Israel wakati watoto wa Gaza wanakufa njaa hastahili jukwaa chuoni. Wazayuni wazomewe kila wanapofungua mdomo. Uhuru wa kusema haukuwekwa kwa ajili ya wauaji.

Kijana wa Ujiji

Kaka, uchungu wako wa Gaza ninao. Lakini hapa tunaachana.

Februari 26, 2024, chuo cha Berkeley, California, alialikwa mwanasheria wa Israel aliyewahi kuwa jeshini. Waandamanaji wakazingira ukumbi, vioo na mlango vikavunjwa, mhadhara ukaahirishwa na wasikilizaji wakatolewa chini ya ulinzi. Hapo ni Berkeley, ambako mwaka 1964 wanafunzi waligoma na kukamatwa kwa mamia wakidai haki ya kufanya siasa chuoni. Miezi miwili baada ya mhadhara ule, kambi za mahema zilipovunjwa na polisi, unadhani waliovunja mlango walikuwa na la kumwambia nani?

Nenda nyuma zaidi. Mwaka 1977 wafuasi wa Unazi walitaka kuandamana Skokie, kitongoji cha Chicago chenye manusura wengi wa mauaji ya Hitler. Mji ukakataa. ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, likawatetea mahakamani na likashinda. Mkurugenzi wake, Aryeh Neier, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Berlin, familia yake ikakimbia Wanazi. Maelfu ya wanachama walijitoa kwa hasira. Alishikilia kwamba mamlaka ikipewa nguvu ya kuchagua nani aseme, watu wachache kama Wayahudi ndio wa kwanza kuumia. Na wewe na mimi, tukifika kwenye nchi ile, ni wachache kuliko yeye.

Mtu wa Bariadi

Hapa kwa Mwana wa Mtoni nakuunga mkono mkuu. La mgeni bado sijakubali lote, lakini hiyo ya kukamata mtu kwa makala ya gazeti la wanafunzi, hapana, imepitiliza. Mzee wa Mlimani amenimaliza.

Niko Ughaibuni

Wakuu, nasoma huku, jimbo sitaji. Niwape picha ya kawaida tu. Tangu Machi 2025 kundi letu la mtandaoni la wanafunzi kutoka Afrika Mashariki limekuwa la kuulizana bei za tiketi na mapishi. Siasa hakuna. Mwenzetu mmoja Mwislamu aliacha kwenda kwenye mihadhara ya historia ya Mashariki ya Kati, na kozi ameilipia. Hakuna aliyemkataza. Mimi mwenyewe nimekaa na makala kuhusu Congo, haina hata neno Israel, na siitoi. Mkuu wa uzi amewataja watatu waliokamatwa. Sisi tulionyamaza hatumo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Kijana wa Ujiji

Pole sana ndugu. Hayo ndiyo aliyoyasema Jaji Young, kwamba lengo lilikuwa kuwanyamazisha wengi kwa kuwashika wachache. Wewe umeyaeleza kutoka ndani.

Fomu Six Mbeya

Shikamooni wakubwa. Mimi naomba chuo Marekani mwakani, Mungu akipenda. Mwaka jana nilisambaza sana picha za Gaza. Nimesikia ubalozi unakagua akaunti. Nifute? Nifunge akaunti? Nisiitaje kabisa kwenye fomu?

Kijana wa Ujiji

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu ninayoyajua kwa uhakika.

Tangu 2019 fomu ya maombi inataka majina ya akaunti zako za mitandao za miaka mitano iliyopita. Juni 2025 Wizara yao ya Mambo ya Nje iliongeza kwamba waombaji wa visa za masomo wafungue akaunti zao ziweze kuonwa na yeyote, na kwamba maofisa wa ubalozi wazipitie. Kuficha akaunti kunaweza kuchukuliwa kuwa una jambo unaficha.

Usidanganye kwenye fomu. Hilo ni kubwa kuliko picha zote ulizosambaza, kwa sababu uongo kwenye maombi ya visa unaweza kukufungia mlango wa nchi ile moja kwa moja, na unakuwa kosa lako halali, bila kuhitaji waraka wa waziri. Andika akaunti zote, hata ile uliyoisahau. Kama kuna mahali ulishangilia mauaji ya watu, ya upande wowote, hilo ni la wewe na dhamira yako, litazame. Kama ulichosambaza ni picha za watoto waliokufa na ukaandika kwamba unaumia, sitakushauri uzifute. Wala sitakuahidi kwamba ofisa utakayemkuta dirishani ataziona kama ninavyoziona mimi.

Omba na vyuo vya nchi nyingine sambamba, usiweke yote Marekani. Na kabla ya kuomba usaili wa ubalozi, hakikisha kwanza kama visa za masomo zinatolewa kwa Watanzania, maana Januari 2026 Marekani ilizisimamisha.